Helmeti ya uso mzima, ya kuinuka, ya uso wazi au ya motokrosi: ipi inakuachia macho barabarani Nairobi?

"Inaniziba macho." Hilo ndilo jibu utakalolipata stejini ukimuuliza mwendesha boda mbona helmeti imening'inia kwenye saidi mira badala ya kuwa kichwani. Si uongo mtupu. Helmeti inaweza kupunguza unachokiona, na kwenye barabara kama Jogoo Road, ambako matatu hutoka stejini bila indiketa, anayeona pembeni ndiye anayefika. Ila mara nyingi aina ya helmeti husingiziwa makosa ya saizi, ya kioo kilichokwaruzwa au ya mvuke. Hapa tunazilinganisha aina nne zinazouzwa mjini kwa swali moja: ukiivaa, unaona nini na hukioni nini?

Ya kwanza ni ya uso mzima: gamba moja, kidevu kimefungwa, kioo kinapanda na kushuka. Ya pili ni ya kuinuka, inayofanana nayo isipokuwa kidevu na kioo hupanda pamoja ukibonyeza kitufe. Ya tatu ni ya uso wazi, inayofunika kichwa na masikio na kuacha kidevu nje. Huja na kioo kirefu, kioo kifupi au bila kioo kabisa. Ya nne ni ya motokrosi, yenye kidevu kilichochomoza mbele na ukingo kama wa kepu juu. Haina kioo, huvaliwa na miwani mikubwa ya vumbi yenye mkanda wa kuzunguka kichwa.

Zile za nusu bakuli na kofia za mjengo hatukuziingiza. Zinakuachia macho yote, ni kweli, ila siku ya kuanguka zitakuwa zimeshatangulia mtaroni.

Vigezo

Tutaziangalia kwa mambo matano: kuona pembeni, kuona chini na juu, mvuke, mvua na vumbi, jua na taa za usiku, na urahisi kwa anayevaa miwani ya macho. Kila aina imepitishwa kwenye yote matano. Ulinzi wa fuvu si mada yetu, ila jambo moja lazima lisemwe mapema: helmeti ya uso wazi haina chochote mbele ya kidevu, na uso ni mahali ambapo waangukao hugonga mara nyingi. Faida yoyote ya macho utakayoisoma hapa chini kuhusu aina hiyo, ipime ukilikumbuka hilo.

Kabla ya aina, saizi

Helmeti kubwa kuliko kichwa huziba macho kuliko kitu kingine chochote. Ukigeuza shingo kutazama juu ya bega la kulia kabla ya kuhama leni, kichwa kinageuka na helmeti inabaki nyuma. Jicho la kulia linakutana na sponji, wakati gari linalokupita liko hapo hapo nyuma ya sponji hiyo. Tatizo la pili hutokea ukibeba mtu. Helmeti ya abiria hugonga yako kwa nyuma kila mnapovuka tuta, na ikiwa yako imelegea, husukumwa mbele hadi ukingo wake unalala kwenye nyusi. Ndiyo maana utamwona mwendeshaji akiirudisha kwa kiganja kila baada ya dakika chache, mkono mmoja ukiwa hewani.

Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa sentimita 2 hadi 3 juu ya nyusi ukipitia pale kisogo kilipochomoza zaidi. Kwa kawaida sentimita 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, lakini soma jedwali la mtengenezaji kwa sababu hutofautiana. Ivae, funga mkanda, kisha ishike pande zote mbili uizungushe: ngozi ya mashavu inapaswa kuifuata. Ikizunguka yenyewe huku mashavu yametulia, shuka saizi moja. Mpya inapaswa kubana mashavu kidogo, maana sponji hulegea kwa matumizi. Aliyesuka apime akiwa amesuka, na ajue kwamba akifumua, saizi imebadilika. Anayevaa hijabu au kitambaa cha shingoni ahakikishe hakuna fundo kisogoni. Fundo moja tu linaisukuma helmeti yote mbele.

Kuona pembeni

Hofu kubwa iko hapa, na ndipo tofauti ilipo ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya Marekani ya helmeti za pikipiki, FMVSS 218, inataka uwazi wa macho ufike nyuzi 105 kila upande kutoka katikati ya uso. Kanuni ya Umoja wa Mataifa, ECE 22, inataka kiasi hicho hicho. Jicho la mtu anayetazama mbele hufika takriban nyuzi 100 upande wake. Kwa hiyo helmeti iliyopita vipimo hivyo ina kingo zake pale macho yanapoishia. Utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1990 ukiwapima waendeshaji barabarani ulionyesha kwamba kile kidogo kinachopotea hufidiwa kwa kugeuza shingo kidogo zaidi kabla ya kuhama leni.

Kuna funzo hata kutoka kwa wanaoteleza kwenye theluji, watu ambao Nairobi tunawaona kwenye televisheni tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, walipima jinsi wanavyowahi kuitikia kitu kinachotokea pembeni. Helmeti peke yake haikuwachelewesha. Kilichowachelewesha ni miwani mikubwa ya theluji, ambayo fremu yake nene hukaa karibu na jicho.

Sasa rudi kwenye zile nne. Ya uso wazi ndiyo pana zaidi, ingawa ikilinganishwa na ya uso mzima iliyotengenezwa vizuri pengo ni dogo. Ya kuinuka ikiwa imefungwa haitofautiani na ya uso mzima. Ya motokrosi ina uwazi mkubwa sana ukiitazama mkononi, kisha unavaa miwani yake na uwazi wote huo unamezwa na fremu na sponji, kama wa Innsbruck. Ukiipenda aina hii, chagua miwani ya fremu nyembamba na kioo kirefu cha kuzunguka, ujaribu vyote viwili pamoja dukani.

Alama ya ECE ni herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyoidhinisha, na hushonwa kwenye lebo ya mkanda. Stika iliyobandikwa nje ya gamba si ushahidi wa chochote. Kila printa inaweza kuitoa. Basi fanya kipimo chako. Keti, tazama kitu kimoja ukutani, mwenzako asimame nyuma na kuleta kidole polepole kutoka nyuma ya sikio kuja mbele. Sema "naona" kidole kinapojitokeza. Rudia ukiwa na helmeti, pande zote mbili. Kidole kikitokea mahali pale pale au karibu sana, helmeti hiyo haikuzibi. Kikichelewa kwa upana wa kiganja kizima, irudishe.

Chini na juu

Hapa kidevu kina gharama yake. ECE inataka angalau nyuzi 45 kuelekea chini na nyuzi 7 kuelekea juu. Kwa ya uso mzima, nyuzi hizo zinatosha kuona barabara mita chache mbele ya gurudumu, lakini kutazama geji ya mafuta au simu iliyofungwa kwenye hendeli unainamisha kichwa. Ya kuinuka ni vivyo hivyo, na nyingine zina kidevu kinene zaidi kwa sababu ya kufuli zake. Ya motokrosi imechomoza mbele, kwa hiyo geji zinaweza kufichika nyuma ya kidevu chake. Ya uso wazi inaona yote: tangi, mguu, ukingo wa lami.

Wengi huuliza kuhusu mashimo. Kwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Shimo unaloliona chini ya kidevu umeshaliingia. La kukwepa ni lile lililo mita 30 mbele, na hilo kila helmeti inalionyesha. Kuona chini kuna faida kwenye mwendo wa kutambaa, pale unapopenya kati ya lori na matatu kwenye foleni ya Outering ukitafuta pa kuweka mguu. Anayeshinda humo kutwa ana sababu halali ya kutaka uso wazi. Anayepanda Thika Road kwa mwendo mkubwa hana.

Kuhusu juu, ukingo wa motokrosi huficha taa za trafiki zilizotundikwa juu ukiwa umesimama karibu nazo, nawe unainua kidevu kidogo tu. Adui mkubwa wa kuona juu ni ule mwavuli unaofungwa kwenye boda, hasa wenye pazia la plastiki mbele. Pazia likishakwaruzwa, unatazama barabara kupitia plastiki mbili mbovu kwa pamoja.

Ya kuinuka inajaribu kukupa vyote: funga ukienda, inua ukisimama. Hiyo ni sawa stejini, petroli, au ukiongea na mteja. Kwenda ukiwa umeinua ni suala jingine. Lebo ya ECE ina herufi: P maana yake kidevu kimepimwa kama kinga, J maana yake imepimwa kama ya uso wazi. Ikiandikwa P/J imepimwa kwa hali zote mbili. Isipokuwa na P/J, usiendeshe kidevu kikiwa juu. Hata yenye P/J, kidevu kilichoinuliwa hushika upepo na kukuvuta shingo ukizidi mwendo wa mtaani.

Mvuke, mvua na vumbi

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii. Mwezi wa sita hadi wa nane, anayetoka Limuru au Kikuyu alfajiri anavuta hewa baridi na kutoa pumzi yenye joto na unyevu. Pumzi hiyo ikigusa kioo baridi inageuka matone madogo, na kioo kinakuwa cheupe ghafla, hasa ukisimama, maana upepo uliokuwa ukikipangusa haupo tena. Kufuta kwa kidole sekunde mbili ukienda kilomita 50 kwa saa ni mita 28 za kwenda kipofu.

Ya uso mzima inaathirika zaidi, na vilevile ina dawa nyingi zaidi. Tundu la hewa la kidevuni ndilo linalohudumia kioo. La juu ya paji ni la kupoza kichwa, na wengi hufungua la juu wakiacha la chini limefungwa. Kile kipande laini cha kufunika pua kinachokuja na helmeti, ambacho watu hukitoa siku ya kwanza, kazi yake ni kuelekeza pumzi chini. Kirudishe. Kitambaa kilichopandishwa hadi puani kinafanya kinyume: kinapuliza pumzi yote juu kwenye kioo. Kishushe kiishie kidevuni. Kwenye foleni, fungua kioo kidogo, hatua moja tu.

Dawa inayodumu ni Pinlock, karatasi ya pili ya plastiki inayobanwa ndani ya kioo kwa pini mbili, ikiacha hewa katikati. Mstari wa silikoni ukingoni mwake lazima uguse kioo pande zote. Mvuke ukiingia katikati ya vioo viwili, pini zimelegea: zizungushe kidogo kidogo hadi silikoni ibanane. Uliza kabla ya kununua, maana kioo kisicho na pini zake hakiwezi kuwekewa. Sabuni ya vyombo, tone moja, ipakwe ndani na kupanguswa ikikauka bila maji, inasaidia kwa muda mfupi tu. Mvua ikipenya, inakutiririkia machoni.

Ya kuinuka ina dawa hizo hizo, pamoja na nafuu ya kuinua kidevu chote ukisimama. Udhaifu wake ni mpira wa juu ya kioo: bawaba zikichakaa, kidevu hakirudi pale pale, na mvua inapita kwa ndani. Mimina kikombe cha maji juu ya kioo kilichofungwa. Ukiona mstari wa maji ndani, usisubiri masika ikuthibitishie.

Ya uso wazi haishiki mvuke kirahisi kwa kuwa pumzi inatoka chini. Lakini mvua ya Aprili inaingia kwa njia hiyo hiyo, inapanda kutoka kifuani na kulowesha kioo pande mbili, na upande wa ndani huna jinsi ya kuufuta ukienda. Ile isiyo na kioo kabisa ni mbaya zaidi: upepo wa kilomita 50 unatoa machozi, na vumbi nyuma ya lori la mchanga linakufumbisha macho yote mawili.

Ya motokrosi hushinda kwenye vumbi. Sponji ya miwani inaziba pande zote, ndiyo maana wanaopanda njia za murram huipenda. Kwenye baridi au mvua ndogo miwani hujaa mvuke mara tu unaposimama, nayo haifunguki kidogo kama kioo. Ni kuivua au kuvumilia.

Jua, usiku na mikwaruzo

Nairobi iko nyuzi 1 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linachomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, saa zile zile za kwenda na kurudi kazini. Anayekaa Kangemi au Kikuyu analo usoni asubuhi na jioni. Anayekaa Donholm au Umoja analo mgongoni mara zote mbili, na asijione ana bahati: dereva anayemjia ndiye aliyepofushwa, na saidi mira zinamrudishia mwanga.

Kwa jua la usoni, ukingo wa motokrosi ni bora kuliko kioo cha rangi: unainamisha kichwa kidogo na jua linatoweka, barabara inabaki na mwanga wake. Kwenye mwendo wa barabara kuu ukingo huo hushika upepo na kuvuta kichwa juu. Helmeti nyingi za kuinuka, na baadhi za uso mzima, zina kioo cheusi cha ndani kinachoshuka kwa swichi. Ni kizuri, mradi kidole kiijue swichi hiyo bila kuitafuta kabla hujaingia chini ya daraja au kwenye kivuli. Ya uso wazi hutegemea kioo chake au miwani ya jua.

Kioo cheusi cha kudumu ndicho tunachokipinga, kwenye aina yoyote. Chini ya ECE kioo safi hupitisha angalau asilimia 80 ya mwanga. Kinachopitisha kati ya 50 na 80 lazima kiandikwe ni cha mchana tu. Vile vyeusi na vya rangi ya upinde vinavyopendwa kwa sura vinamlazimisha mtu kuinua kioo jua likizama, na tangu hapo ni macho na vumbi.

Usiku, mikwaruzo ina ubaya kuliko rangi. Kila mkwaruzo unatawanya taa kali za gari linalokuja hadi unaona nyota kubwa badala ya barabara. Mikwaruzo hiyo huletwa na kufuta vumbi kikavu kwa kiganja au fulana. Lowesha tishu, ilaze juu ya kioo dakika tano, vumbi lilainike, suuza, kisha pangusa kwa kitambaa laini. Petroli, thina na dawa za madirisha zenye amonia hupasua polikaboneti, ile plastiki ya kioo, taratibu. Nyufa ndogo hutokea karibu na bawaba kwanza. Kioo kilichochoka hubadilishwa peke yake, bila kununua helmeti mpya, kwa hiyo kabla hujalipa hakikisha vioo vya modeli hiyo vinapatikana mjini.

Anayevaa miwani ya macho

Ya uso wazi na ya kuinuka hazina shida. Ya uso mzima, vaa helmeti kwanza kisha pitisha miwani yenye mikono iliyonyooka. Ijaribu dukani, maana sponji inayobana mikono huinua lenzi na kukupa kizunguzungu. Ya motokrosi inahitaji miwani ya vumbi iliyotengenezewa kuvaliwa juu ya miwani, na bado utakuwa na nyuso nne za kushika mvuke.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukienda mbali kwa mwendo, Thika Road, Mombasa Road au kutoka nje ya kaunti, na hasa alfajiri ya baridi, ya uso mzima yenye pini za Pinlock inakufaa. Kidevu kitakunyima geji, na kwa mwendo huo huihitaji geji sana.

Ukiwa bodaboda wa mjini, unasimama kila baada ya dakika kumi na kuongea na wateja, ya kuinuka yenye P/J inapunguza kishawishi cha kuivua. Ni nzito, mara nyingi karibu na kilo 1.7, kwa hiyo ijaribu kwa kugeuza shingo mara kadhaa: shingo iliyochoka haitazami bega.

Ukiwa mtu wa mwendo mdogo mtaani, kwenye joto, mchana, ya uso wazi yenye kioo kirefu inaweza kukutosha, ukiikubali hatari ya kidevu. Isiyo na kioo usiichukue.

Njia yako ikiwa ya murram, au ukienda magharibi jioni kwa mwendo wa wastani, fikiria ya motokrosi na uchague miwani kwa uangalifu kuliko helmeti yenyewe. Masika yakianza, ujue utateseka.

Ukiwa abiria wa kila siku, nunua yako ya uso wazi yenye kioo. Sheria inataka abiria naye avae, na ile ya kushirikiana iliyoning'inizwa nyuma ya boda haijawahi kupimwa kwa kichwa chako.

Na ikiwa pesa ni za kitu kimoja tu mwezi huu na helmeti uliyo nayo inakaa sawasawa kichwani na hujawahi kuanguka nayo barabarani, badilisha kioo kwanza.